Joto la Majina

Nje ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Raili anafungua bomba la jikoni
na maji yanakuja yakifuka,
bila kuni, bila makaa.
Joto limevuka reli kutoka kwenye lile ghala jeusi
lisilo na dirisha hata moja,
ambamo mashine zinahema usiku kucha
zikitunza nani alibofya nini, saa ngapi, akiwa wapi;
na pumzi zao hupitishwa mabombani
ziwaoshee wazee wa Ufini vikombe vya kahawa.

“Kuna mtu Lisboni,” ananiambia, mimi mpangaji wake wa chumba cha juu,
“amekosa usingizi, anatafuta dawa kwenye simu,
nami naogea usiku wake.”
Anacheka.
Kisha hacheki.

Mwaka juzi alitaka sufu tu,
vifundo vinne vya kijivu, afume soksi.
Likaruka dirisha dogo: *Tunajali faragha yako.*
Kitufe cha kukubali kilikuwa kijani, kipana kama kizingiti;
cha kukataa kimejibanza pembeni
kama mdaiwa aliyemwona mdai.
Samaki alikuwa anaungua jikoni.
Akakubali.

Vile vitu alivyoviruhusu vimfuate,
kwa lugha yake huitwa masurufu,
mkate wa kufungiwa msafiri.
Kwa lugha yangu ni vidakuzi.
Nikamweleza udaku ni nini.
Akasema: lugha yako imewahi kuumwa.

Vikajua soksi ni za mwanamume, mguu namba arobaini na nne.
Vikajua Machi, soksi zilipogeuka kongosho,
kongosho likageuka ratiba ya basi la hospitali,
basi likageuka bei ya jeneza,
na usiku mmoja, saa tisa na dakika sita:
*supu ya mtu mmoja hukaa siku ngapi?*
Hayo hakumwambia mchungaji. Hakumwambia dada yake.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
lakini kata hii, akitoka jikoni kwake,
inachota kwa nani, inamwagia nani?

Kila Ijumaa bado inakuja barua:
*Veijo, umeadimika! Soksi zako hazijachakaa?*
Veijo yuko chini ya theluji tangu Mei.

Basi akachukua miwani na lenzi ya kusomea dawa,
akasoma sera yao yote, kurasa kumi na tisa,
akawahesabu “washirika wetu” kwa penseli.
“Mazikoni tulikuwa watu kumi na mmoja,” akasema.
“Waliojua anaumwa walikuwa mia tatu na kumi na wawili.”

Osmo, mpwa wake, anafanya kazi mle ghalani.
“Shangazi, mimi nabadilisha feni. Jina sijaona hata moja.
Milango miwili, kiganja changu, namba yangu ya siri;
na kila kitu kimefumbwa: mwizi akibeba sanduku
amebeba mchanga.”
“Na ufunguo wa fumbo anao nani?”
Osmo akakoroga kahawa isiyo na sukari.
“Si mimi.”

Sheria inampa haki, akaitumia.
*Mfuteni Veijo. Mimi niacheni kwanza, bado nahitaji sufu.*
Wakajibu kwa adabu: ndani ya siku thelathini;
ila, ili wawe na hakika wanamsahau mtu sahihi,
watumiwe tarehe yake ya kuzaliwa,
nakala ya kitambulisho,
cheti cha kifo.
Raili aliikodolea macho skrini mpaka ikazima yenyewe.
Akaiwasha.
Akatuma.

Siku ya ishirini na sita: *Taarifa zimefutwa.*
Akaenda bombani, akakinga kiganja
kama anayempima mtoto homa.
Maji yaleyale, moto uleule.
“Hata nusu nyuzi,” akasema, “haijapungua.
Kitanda chake wamekwisha kumpa mwingine.”
Akashika kikaango chenye magamba ya samaki,
akaanza kusugua.